Mstari wa Munyiva

Kanisani kwao Kitengela hawakuchagua mtu kwa karatasi. Ulisimama nyuma ya unayemtaka, kila mtu akikuona. Jumapili hiyo ya mwaka 2003 walikuwa wakichagua atakayechora na kusimamia ghorofa la shule ya chekechea.

Kulia alisimama Amolo, mwimbaji wa kwaya, shemeji wa mjane Akoth. Nusu ya waumini walikaa katika nyumba alizozichora, ingawa hakuwahi kuisomea kazi hiyo. Kushoto alisimama Munyiva, mhandisi aliyesajiliwa, mgeni kutoka Kajiado mjini.

"Dada huyu anataka kuchimba shimo kwanza," Amolo akasema. "Kwani tunajenga shule ama tunazika ng'ombe?"

Kanisa likaangua kicheko. Akoth akainamisha kichwa. Hata nyumba yake ilichorwa na Amolo. Mvua za El Nino ziliponyesha, udongo mweusi ulivimba, ukuta ukapasuka, ukamwangukia mumewe, Elphas. Matangani Amolo alilia kuliko wote, na tangu siku ile yeye ndiye aliyemsaidia Akoth kulea Caren na wadogo zake. Ule ukuta haukutajwa tena.

Mchungaji Gideon akaitazama mistari, akahesabu tena. "Wako sawasawa. Mama Caren, umebaki wewe."

Akoth akainuka.

"Kuja, shem," Amolo akamwambia, akimwonyesha nafasi. "Sisi ni watu wa nyumba moja."

"Hiyo nyumba ilianguka, Amolo."

Hakuinua sauti, lakini hata waliokuwa mlangoni walisikia. Tabasamu la Amolo likazimika. Akoth akapita mbele yake, akaenda kusimama nyuma ya Munyiva, akiwaza ni nani atakayebisha hodi kwake tena.

Wiki hiyo shimo likachimbwa. Akoth alikuwa akiwapelekea vibarua chai alipomwona Amolo amesimama ukingoni, kofia mkononi, akiutazama udongo mweusi ulivyoshuka na kushuka.

"Injinia," akamwita Munyiva, "hapo karibu na mto, kwa marehemu ndugu yangu, ungechimba mpaka wapi?"

Munyiva, ambaye hakujua habari za Elphas, akamwonyesha mwamba, chini kabisa, kupita kimo cha mtu.

Akoth akammiminia Amolo chai, akasimama kando yake.