Kweyu na Mbwa wa Horini

Kweyu, karani wa ofisi moja mjini, alirudi nyumbani Umoja akitabasamu. Bosi alikuwa amemwita "dog-in-the-manger", naye alidhani amesifiwa kuwa mlinzi hodari.

Mkewe Asenath, mwalimu wa Kiingereza, alicheka mpaka akaketi.

"Baba Triza, hiyo si sifa. Wagiriki wa kale walisimulia juu ya mbwa aliyelala kwenye hori la ng'ombe. Nyasi hakula, na ng'ombe akija kula alimbwekea. Waingereza humwita hivyo mtu anayewanyima wenzake kitu asichokitumia. Wewe umemnyima nani?"

Kweyu alikumbuka taipureta aliyoifungia kabatini, ilhali hajui kupiga taipu. Kesho yake alimpelekea Amondi, karani mwenzake aliyeiomba tangu Januari. Amondi alifurahi, akamnunulia mandazi ya chai ya saa nne.