Nani Kasajili Kolache za Hruban?

Lavonne Hruban hakuwa mjinga, na alitaka kila mtu alijue hilo. Mdogo wake Rosalie alikuwa akinong'ona na simu nyuma ya tanuri la duka lao la mikate. Akimwona dada yake tu, anakata. Mara ya kwanza, haya. Mara ya tatu, ebo! Kisha wakili akaja dukani kununua kolache za plamu, vile vimkate vitamu vya Kicheki vyenye tunda katikati, na hakuna mtu katika kile kimji chao cha Nebraska asiyejua kwamba wakili yule ana kisukari.

"Alitaka nini?" Lavonne akauliza.

"Kolache, dada. Kwani hapa tunauza matairi?"

"Na sukari yake ile?"

"Za mkewe. Hebu kanda unga wako, usinipeleleze."

Tangu mzee mmoja ateleze kwenye barafu mlangoni pao akatishia kuwashtaki, walikuwa wakizungumzia kuligeuza duka kuwa kampuni yenye dhima ya kikomo, ili siku nyingine mtu akishtaki, aishtaki kampuni, nyumba zao zisiguswe. Maneno yakaishia hapo. Sasa Lavonne akajijazia mwenyewe: Rosalie anaisajili kampuni peke yake, halafu yeye, aliyeungua mikono kwenye tanuri lile tangu mama yao afariki, atageuzwa kibarua. Usingizi ukamruka. Kila Rosalie alipomchekea, aliona anachekwa.

Akaamua kumwahi. Siku ya mapumziko ya duka alikwenda maktaba, akaketi kwenye kompyuta, akaisajili kampuni ya Kolache za Hruban kwa serikali ya jimbo. Mmiliki mmoja tu: Lavonne. Akarudi nyumbani akipiga mluzi wa ngoma ya polka. Mjanja eti!

Wiki haijaisha, Rosalie akaingia mbio, uso umemvimba.

"Dada, tumeibiwa! Wakili kapeleka maombi yetu, jimbo limeyakataa. Jina lishachukuliwa!"

"Maombi yetu?"

"Ya nani tena? Jina lako nimeliweka juu, langu chini. Nilitaka iwe zawadi yako ya siku ya kuzaliwa, ndiyo maana nikawa najificha kama mwizi wa kuku. Kumbe mwizi mwenyewe yuko nje huko!" Akafuta macho kwa aproni. "Lakini hana pa kukimbilia. Sheria ya hapa, ukifungua kampuni lazima ujitangaze gazetini wiki tatu. Atajitangaza tu. Na nikimjua, namfuata hadi kwake na mti wa kusukumia unga."

Tangazo hilo Lavonne alikuwa ameshalipeleka gazetini jana, tena kwa furaha, akiwaza watu watakavyolisoma wakinywa kahawa. Angeweza kunyamaza mpaka gazeti litoke. Alimtazama mdogo wake analia, akashindwa.

"Ni mimi," akasema. "Rosalie, ni mimi. Nilidhani unataka kunitoa."

Rosalie hakupiga kelele. Heri angepiga! Alivua aproni, akaikunja vizuri, akazunguka kaunta mpaka upande wa wateja.

"Mbili za plamu," akasema. "Na risiti, mama mwenye kampuni."

"Mdogo wangu, acha basi..."

"Nina haraka."

Lavonne alizifunga kwenye karatasi, akaandika risiti. Rosalie alilipa bei kamili, akasimama palepale akisubiri chenji yake.