Bi Kimya na Vidole Vyake

Mtaa mzima ulimwita Redio, na wala hakukasirika. Alikuwa mwanamke fundi cherehani, na chumba chake cha mbele, kinachotazama barabara, hakikuwahi kukosa watu: aliyekuja kupunguziwa kiuno cha suruali, aliyekuja kuuliza kama yake imeshapunguzwa, na watano waliokuja bila nguo yoyote mkononi, kusikiliza tu. Redio alishona kwa miguu na kusimulia kwa mdomo, na hakuna kazi iliyoichelewesha nyingine.

Pembeni ya cherehani alikaa mpwa wake, binti wa kaka yake, miaka tisa, kiziwi tangu kuzaliwa. Huyo walimwita Kamera, kwa sababu hapitwi na kitu. Na kila aliyeingia mle ndani Kamera alimpa jina la alama, jina la kuonyeshwa kwa mkono, ambalo huliombi wala hujichagulii. Unapewa kwa jinsi ulivyoonekana. Kinyozi wa mlango wa pili alikuwa kiganja kinachosugua upara. Jirani anayeonja kila sufuria alikuwa kidole kinacholambwa. Redio mwenyewe alikuwa vidole vinne vinavyogonga kidole gumba, pa-pa-pa-pa, kama mdomo wa bata mwenye haraka.

Muhula huo Kamera alihamia shule ya mtaani, darasa la tatu. Mwalimu mmoja alijua lugha ya alama, na masomo hayakumpa shida. Shida ilikuwa mapumziko. Kila jioni Redio alimuuliza kwa mikono, "Leo umecheza na nani?" Na kila jioni jibu lilikuwa lile lile.

"Na ukuta. Nikiurushia mpira, unanirudishia."

Wiki ya tatu aliongeza, "Mwisho wa mwezi sirudi tena. Nitakaa hapa nishone vifungo."

Redio hakulala vizuri. Kesho yake alikuwa ofisini kwa mwalimu mkuu kabla hata mwalimu hajavua kofia.

"Nipe ukumbi Ijumaa, saa moja tu," alisema. "Nitawaletea maonyesho ya vikaragosi. Watoto wacheke, na wakicheka waelewe kwamba watu hatukushonwa kwa kipimo kimoja."

Ukumbi ulipatikana. Kinyozi, mwenye sauti tatu kooni na asiyejua kukataa, akakubali kuwa msaidizi. Redio akashona vikaragosi watatu kwa mabaki ya vitambaa: babu asiyeona mwenye fimbo nyeupe, kijana wa kiti cha magurudumu, magurudumu yenyewe yakiwa vibiringo vya kuzungushia uzi, na msichana kiziwi aliyemwita Bi Kimya. Alishona wakati Kamera yuko shule, na mtoto akirudi, mabaki yote yako uvunguni. Alitaka iwe zawadi ya ghafla. Ndiyo siri pekee aliyowahi kuitunza tangu azaliwe, na ndiyo iliyomponza.

Ijumaa ukumbi ulijaa mpaka madirishani. Shuka lilitundikwa kati ya mbao mbili za kuandikia, nyuma yake Redio na Kinyozi wamepiga magoti. Babu asiyeona alimtambua mwizi wa maandazi kwa harufu, watoto wakacheka. Kijana wa kiti akamshinda mbio jogoo, wakashangilia. Redio alichungulia kwenye kitundu alichokitoboa katikati ya shuka. Kamera alikuwa benchi la mwisho, mikono kifuani.

Akainuka Bi Kimya.

"Huyu ni kiziwi," Kinyozi alinguruma kwa sauti yake ya msimulizi. "Masikio yake hayasikii, lakini anaongea kwa mikono!"

Watoto wakatazama mikono. Kisha msichana mmoja wa mbele, mwenye pengo, akauliza kwa sauti ya ukumbi mzima:

"Mikono gani? Mbona hana vidole?"

Redio akamtazama kikaragosi wake. Mikono ya Bi Kimya ilikuwa miwili mizuri, ya mviringo, kama glovu za kuepulia sufuria jikoni. Alivyoshona babu, ndivyo alivyoshona kijana, na ndivyo alivyoshona huyu. Nani anahangaika na vidole kumi vya kitambaa?

"Mama we," Kinyozi alinong'ona. "Redio, umemkata mtoto ulimi."

Kwenye kitundu Redio aliona benchi la mwisho lina pengo. Kamera amesimama, anatembea. Redio alijua tu anaelekea mlangoni, na akitoka mlango ule, basi, vifungo mpaka uzeeni.

Shuka likafunuka pembeni. Kamera akaingia.

"Nani amemshona huyu?" aliuliza kwa mikono.

"Mimi."

"Uliniuliza?"

"Ilikuwa siri."

Kamera akamkazia macho. "Wewe? Siri?"

Hata Kinyozi, mwenye alama zake kumi tu kichwani, aliielewa hiyo, akang'ata mdomo asicheke.

Kamera hakungoja. Alichomoa mkasi uliokuwa ukining'inia shingoni kwa shangazi yake, kacha, kacha, glovu zote mbili zikaanguka sakafuni. Akamkabidhi Kinyozi kichwa cha Bi Kimya akishike juu, akapiga magoti nyuma yake, akapitisha mikono yake mwenyewe ndani ya mikono ya gauni. Juu ya shuka, Bi Kimya akachanua vidole kumi vya mtoto halisi, vyenye wino wa kalamu.

Ukumbi ukasema, "Haa!"

"Wewe tafsiri," Kamera alimwambia shangazi yake. "Na usitie chumvi."

Vidole vikaanza. Redio akapaza sauti: "Anasema, kwanza haitwi Kimya. Jina hilo kalichagua mtu asiyemfahamu."

Vicheko.

"Pili, anasema hawa vikaragosi wenzake ni wema kupita kiasi, hakuna mtoto mwema namna hiyo, na hasa nyie wa darasa la tatu mlioketi hapo kama malaika, kumbe..."

Akanyamaza ghafla, uso umemkunjamana. Mikono ilisema maneno machache, taya la shangazi likaenda mara tatu zaidi, na Kamera alikuwa amemkanyaga kidole cha mguu.

"Samahani. Anasema wiki tatu amekuwa akiwatazama."

"Umeona nini?" watoto wakapiga kelele. Redio akalitafsiri swali kwa mikono.

Bi Kimya akaonyesha: huyu ni kiwiko kinachofuta pua. Yule ni kichwa kinachosinzia mgongoni kwa mwenzake mrefu. Mwalimu mkuu ni miwani iliyo kwenye paji la uso na mikono inayoitafuta mezani. Mwalimu mkuu, aliyekuwa amesimama ukutani, akajigusa paji la uso. Miwani ilikuwa huko huko. Walimu ndio walioanza kuvunjika mbavu.

"Na mimi?" aliuliza yule mwenye pengo. "Mimi ni nani?"

Kamera akachungulia kwenye kitundu kuona anayeuliza. Redio alitarajia alama ya pengo la meno, akajiandaa kuilainisha. Lakini mkono wa kushoto wa Bi Kimya ukanyooka, ukadaka kitu hewani, ukakifunga.

"Wewe ni mkono wa kushoto unaodaka," Redio alisema polepole. "Anasema wewe ndiye pekee hapa usiyeangusha mpira."

Msichana akautazama mkono wake wa kushoto kana kwamba amepewa leo. Akainuka, akadaka hewa vile vile.

"Na mimi! Na mimi!" Benchi zikaanza kuanguka.

Mikono ikawapa majina mpaka Kinyozi bega likafa ganzi. Mwisho ikasema jambo refu, la haraka, na Redio akafunga mdomo.

"Kasema nini?"

"Hilo sitafsiri."

"Kwa nini?"

"Linanihusu!"

"Tufundishwe! Tufundishwe wenyewe!" ukumbi mzima ukapiga benchi.

Kengele ikalia. Kamera akachomoa mikono, akamwachia shangazi yake gauni lenye kichwa, na kabla Redio hajasimama vizuri, mpwa ameshatoka, na darasa la tatu liko nyuma yake.

Redio alipofika uwanjani aliona migongo tu, imezunguka ukuta ule ule. Mpira ulipaa, mkono wa kushoto ukaudaka, ukaurudisha. Kisha vichwa vikainama, mikono ikawa inakwenda katikati, na kicheko kikalipuka.

"Wanasema nini?" alimuuliza Kinyozi, akijinyoosha kwa ncha za vidole.

"Nitajuaje? Mikono yenyewe siioni."

"Nikajongee kidogo."

Kamera alimwona. Aliinua kiganja: subiri. Kisha akawaambia wenzake kitu, na mikono ishirini na zaidi ikamgeukia Redio kwa pamoja: pa-pa-pa-pa.

Redio akarudi nyuma, akakaa kwenye benchi la chini ya dirisha la ofisi, Bi Kimya mapajani. Tangu aanze kuongea, habari ilikuwa haijawahi kumpita namna hii. Akakaa hapo, bila nguo ya kushona mkononi, akingoja mtu aje kumsimulia.