Swichi Kuu ya Kituo cha Barafu

Mchezo wetu wa kompyuta haukuwa na mshale wa kumwelekeza mchezaji, na hilo ndilo tuliloligombania mimi na Jalmari mwaka mzima, tangu tulipoanza kuutengeneza chuoni hapa Tampere. Mchezaji hujikuta peke yake katika kituo cha hali ya hewa kilichoachwa kwenye theluji, akiwa na kisanduku cha vifaa. Hakuna maandishi wala alama ya kumwambia pa kwenda. Hutembea, huchungulia, husikiliza upepo. Akikuta kilichoharibika, hukitengeneza. Niliamini, na bado naamini, kwamba mtu akiachiwa nafasi ya kuitazama dunia vizuri, atatamani kuitengeneza. Jalmari aliamini kwamba mtu akiachiwa nafasi hiyo, ataufunga mchezo na kwenda kula.

Siku ya kuupeleka mchezo kwenye maonyesho, mwisho ukiwa saa tisa alasiri, tulikubaliana aletwe mtu mmoja asiyewahi kucheza. Akiifufua pampu ya kwanza ndani ya nusu saa, mchezo uende kama nilivyoutaka. Akishindwa, mshale mwekundu uingie. Jalmari akamleta bibi yake.

"Huo ni ujanja," nilimnong'oneza.

"Ujanja gani? Bibi simu yake mwenyewe anaiita kidude. Jiandae tu, Saimi."

Bibi Tuulikki alivua viatu mlangoni, akavipanga sawasawa, akala mkate wa hiliki aliokuja nao mwenyewe, ndipo akashika pedi ya kuchezea. Kanuni yetu ilikuwa kwamba watazamaji hawasaidii kwa neno lolote, na mchezaji husema kila analolifikiria.

Zikapita dakika tano za ukimya.

"Bibi, sema basi unachofikiria," Jalmari alimkumbusha.

"Nikifikiria jambo la maana, nitasema."

Dakika ya saba aliifikia pampu. Mota yake ilikuwa ikinguruma bila kusukuma maji, nami nikajiona nimeshinda, maana kilichobaki ni kufungua kifuniko na kubadilisha mkanda uliokatika. Bibi aliizunguka pampu mara mbili. Kisha akageuka, akaondoka.

Aliingia jikoni, akafungua kabati zote. Akapanda mlingoti wa kupimia upepo. Akaenda hadi kwenye banda la magari ya theluji, akatazama nyuma ya kila gari. Pembeni yangu Jalmari alikuwa ameanza kuchora mshale huku akipiga mluzi. Nami nilikuwa nimeikalia mikono yangu nisije nikamwonyesha kwa kidole.

Nusu saa ilipotimia, Bibi alikuwa amerudi mbele ya pampu. Akaweka pedi mezani.

"Nani amejenga hapa?"

"Sisi, Bibi."

"Mmejenga vibaya. Swichi kuu iko wapi?"

Tukatazamana.

"Swichi ya nini?" Jalmari aliuliza.

"Mota inanguruma, ina umeme, halafu mnataka niingize mkono? Nimetafuta pa kuuzima kituo kizima. Miaka thelathini na minne nimekuwa fundi umeme kwenye kiwanda cha karatasi, na vidole vyangu hivi hapa. Hesabu."

"Lakini Bibi, ni mchezo tu. Hupigwi na umeme."

"Mimi sipigwi. Na huyo msichana mwenye koti la njano ninayemwendesha humu je? Wewe ungemtuma dada yako?"

Niliona haya. Mwaka mzima nilikuwa nimehubiri habari za kuijali dunia, na fundi wangu mwenyewe nilikuwa nimemtuma kwenye mashine yenye umeme.

"Muda umekwisha. Nimeshindwa," nilisema.

Jalmari alikuwa akitazama ramani ya mchezo, ambako nyayo za Bibi zilikuwa zimekizunguka kituo chote.

"Amefika hata kwenye darubini ya juu ya paa," alisema polepole. "Mimi nilishasahau kama tuliiweka. Saimi, nani alimwelekeza huko?"

"Hakuna."

Akaufuta mshale. "Saa saba na nusu hii. Bibi, swichi tuiweke wapi?"

"Mbali na maji, karibu na mlango. Na muweke kufuli, mtu mwingine asije akawasha wakati mwenzake yuko ndani."

Tulifanya kazi bila kuinua kichwa. Saa tisa kasorobo Bibi alizima umeme, akafunga kufuli, na kituo chote kikanyamaza, ukabaki upepo peke yake. Akabadilisha mkanda. Alipowasha tena, madirisha yaliwaka moja baada ya jingine, na Jalmari akabonyeza kitufe cha kutuma.

"Umekwenda!" alisema akichukua koti lake. "Haya Bibi, twende, tramu inakuja."

"Ipo nyingine," Bibi alijibu bila kugeuka, pedi bado mkononi. "Jiko la huku nalo halijakaa sawa."