Kiatu Juu ya Dhahabu

"Viatu vya soli nene upande mmoja, kwa mwenye mguu mfupi. Fundi Marcellin, Mudzipela. Bado anashona."

Papa Katsuva, mwenye siberi, chumba cha intaneti ya kulipia, na mwenye tovuti yetu ya habari za Bunia, aliposoma tangazo hilo alicheka mpaka akashika meza. "Honorine, mu Bunia hii nani atanunua ile?"

Nilimjua mnunuzi. Marcellin alinieleza akiwa amesimama mlangoni. Mkewe, Émilienne, ndiye mwenye mguu mfupi, na soli yake alimpimia kwa vidole vyake viwili. Walipotezana mwaka uliotangulia, mji ulipowaka vita, naye akiwa na mimba kubwa. Watu walisema alivuka ziwa akaenda Uganda. Kutangaza jina lake kamili? Thubutu! Siku zile jina la ukoo tu lilionyesha uko upande gani, na watu walikufa kwa hilo.

"Ataona soli," alisema. "Atajua ni miye."

Kazi yangu ilikuwa kupanga nafasi za matangazo: juu, kando, chini. Juu palikuwa pa wanunuzi wa dhahabu, na picha yao kubwa ilijikokota kama konokono kabla ya kufunguka. Nikamfikiria Émilienne katika siberi ya ugenini, akitafuta habari za kwao, muda ukimwishia hata hajashuka chini. Nikashusha dhahabu, nikapandisha kiatu, maneno matupu bila picha.

Safari hii Papa Katsuva hakucheka. "Weye iko unataka tukufe njaa?"

"Papa, ule mama iko analipa kwa dakika. Picha haitafunguka, atatoka."

Papa Katsuva akalisoma tangazo tena. Yeye pia alikuwa na ndugu ambaye hakujua yuko wapi. "Basi, ikae. Watu wa dhahabu wakilalamika nitasema mashini iko na shida."

Wakalalamika kweli, tena kwa matusi. Mvua zikaja, zikaisha. Kila siku ya soko Marcellin alipita, akanitazama usoni, akaenda zake bila kuuliza.

Hatimaye oda ikaingia, haina jina: "Naomba kiatu cha kushoto, soli vidole viwili. Na vingine vidogo sana. Ameanza kutembea. Miguu yake iko sawasawa."

Marcellin aliniomba nimsomee tena. Kisha akafungua kiganja chake mbele yangu.

"Vidogo sana ni namna gani, mama?"

Sikujua, nilikuwa bado sijazaa. Tukakisia pamoja, juu ya kiganja chake.