Dawa Nyeupe

Frigo ya hospitali ilikuwa imezima tangu barabara ya mjini ifungwe na mafuta ya jenereta kukatika, na dawa ya kulegeza misuli ikaharibikia humo humo. Vita haina habari na mambo kama hayo. Grégoire, muuguzi wa dawa za usingizi, akabaki na propofoli, dawa nyeupe ya usingizi, fentanili ya maumivu na lidokaini ya ganzi. Kwa mchanganyiko huo alikuwa ameshapitisha mpira wa kupumulia kooni mwa wagonjwa kadhaa, roho ikiwa juu juu kila mara.

Siku hiyo aliletwa Estelle kutoka Kibabi, ana uvimbe ndani ya taya. Alisindikizwa na mama yake, Mukabaranga, mfugaji wa ng'ombe.

"Mama, leo asubui amekula ao amekunywa kitu?"

"Hapana, Papa. Hata maji."

Grégoire, mtoto wa wakulima wa maharage, hakuuliza mara ya pili. Alimchoma fentanili, akangoja, akaongeza lidokaini, kisha ile nyeupe ikaanza kuingia mshipani. Estelle akaitazama, akatabasamu.

"Maziwa tena?" akasema, macho yakafumbika.

Grégoire akaelewa kuwa amekunywa. Kwa wafugaji wale, mtoto hatoki nyumbani kwenda safari ngumu bila kunyweshwa maziwa. Kumnyima ni kama kumfukuza. Na wote walijua kuwa mgonjwa aliyekula anarudishwa kungoja, na njia ya Kibabi wakati ule wa vita si ya kurudia. Alipaswa kulifikiria hilo, lakini dawa ilikuwa imeshaingia.

"Leteni mashine ya kunyonya, ile ya mguu!" Grégoire akaita.

Alipofungua kinywa, koo lilikuwa limejibana. Bila dawa ya kulilegeza, Estelle alikohoa, maziwa yakapanda, yakashukia mapafuni. Grégoire aliyanyonya kwa mashine, akapitisha mpira, akasukuma hewa. Walihangaika naye sana, mwisho moyo wake ukasimama.

Nje, Mukabaranga aliinuka alipomwona uso, akajua.

"Papa, niambie kweli. Amekufa juu ya ile maziwa nilimupa?"

Grégoire alikuwa na hasira naye, hasira kweli kweli. Lakini alimhurumia zaidi. Mama huyu angerudi Kibabi, na kesho yake asubuhi ng'ombe wangetaka kukamuliwa.

"Hapana, Mama," akasema. "Dawa yangu njo ilimushinda."

Mukabaranga akamwita muuaji mbele ya wagonjwa wote waliokuwa wakingoja, na Grégoire akaitika.