Bundi Juu ya Paa la Gari

Asubuhi ile Byamungu alimdanganya mkewe, tena uongo wa kivivu, ambao simu moja tu ingetosha kuuvunja.

"Naitwa kazini," alisema, akiwa amechuchumaa mlangoni akifunga kamba za buti. "Bomba limepasuka."

Ilikuwa Jumatatu ya Januari, mwaka 2014, siku ambayo gavana alifunga shule zote za Minnesota kwa sababu ya baridi. Nyuzi thelathini chini ya sifuri, na hapo upepo haujahesabiwa. Redio ilikuwa inawaomba watu wakae ndani. Héritière alisimama katikati ya sebule yao ya Hopkins, mkono mmoja kiunoni, mwingine juu ya tumbo la miezi minane, akamtazama mumewe. Kisha akamletea kofia ya pili.

Kofia ile ilimchoma Byamungu moyoni, lakini aliivaa na akaondoka. Kamera ilikuwa imefichwa garini tangu jana, chini ya ndoo na matambara ya kazi.

Kazi yake ilikuwa kusafisha ofisi kule Golden Valley. Jumamosi, hata hivyo, alikuwa mtu mkubwa: hakuna Mkongo aliyeoa au kubatizwa katika ile miji pacha ya Minnesota bila Byamungu kumwamrisha anyanyue kidevu mbele ya kamera. Tangu Desemba akili yake ilikuwa imehama kabisa. Bundi weupe walikuwa wameshuka kutoka nchi za barafu, wengi kuliko miaka mingine, na yeye alimwona mmoja juu ya nguzo ya ua, nje ya mji. Alikuwa na picha zake arobaini, zote ndege akiwa amekaa tuli kama mfuko wa unga. Hakuwa na hata moja akiruka. Alimtaka angani, mabawa wazi, na hamu hiyo ilimnyima raha hata mezani.

Usidhani alikuwa jasiri. Alimwogopa bundi tangu utotoni, kama kila mtu wa kwao. Ndege huyo akitua juu ya paa la nyumba, watu wa nyumba hiyo hutazamana wakijiuliza ni zamu ya nani. Bibi yake alimfundisha kwamba bundi hafukuzwi kwa maneno: ukimpigia kelele atakujibu, na akikujibu ameshachagua mtu. Byamungu alikuwa akisali, akilipa kodi na akiendesha gari kwenye barafu, lakini mafundisho ya bibi hayakuwa yamemtoka hata kidogo.

Tena kulikuwa na ahadi. Mwaka uliopita Héritière alipoteza mimba ya miezi saba, mtoto wa kike. Mama yake alipiga simu kutoka Bukavu, akalia, kisha akauliza swali moja tu: kuna bundi aliyekaribia nyumba yenu? Hakuwepo. Hata hivyo swali lile halikuondoka. Mimba hii ya pili ilipofikisha miezi saba, Héritière aliziona zile picha arobaini, akaifunika kompyuta kwa kitenge.

"Mpaka mtoto atoke, huyu ndege simutaki," alisema. "Hata picha yake simutaki hapa ndani. Niahidi."

Byamungu aliahidi. Sasa alikuwa njiani kwenda kuivunja ahadi.

Alingoja garini kwa saa tano nzima, pembeni ya shamba la soya lililofunikwa theluji. Kipasha joto cha gari lile la zamani kilikuwa kinapuliza hewa vuguvugu miguuni tu. Upepo ulikuwa unasukuma theluji chini chini, barabara inaonekana, inapotea, inaonekana tena. Alipochungulia simu kuangalia saa, ikazimika mkononi. Baridi ilikuwa imeiua betri, na haikuwaka tena.

Ilipofika kama saa tisa, bundi akaja. Alitua juu ya nguzo ileile, mbali kiasi cha mita mia moja.

Byamungu alishuka, akatembea akiwa ameinama. Kidole hakikuweza kubonyeza ndani ya glovu nene, kwa hiyo aliivua ya mkono wa kulia na kuibana kwapani. Upepo ukaichomoa. Aliiona ikibingirika shambani, akaiacha, maana bundi alikuwa ameinua mabawa.

Alikuja moja kwa moja. Alipita chini, karibu kugusa theluji, bila sauti yoyote, hata ya manyoya, na ukimya ule ndio uliomtisha Byamungu kuliko ukubwa wake. Macho ya manjano yalikuwa yamemkazia yeye. Kidole kilibonyeza chenyewe. Kamera ilifyatua mara kumi na moja, kisha mabawa yakalijaza jicho la kamera, na Byamungu akapiga magoti kwenye theluji huku amefunika kichwa.

Alipogeuka, bundi alikuwa juu ya paa la gari lake.

"Hapana," alisema kwa sauti ndogo. "Si hapo."

Mtu mwingine yeyote wa Minnesota angepiga makofi, ndege akaruka, akaingia garini akapate joto. Byamungu hakuweza. Kupita chini ya bundi aliyekaa juu ya paa lako, ufungue mlango, uketi chini ya makucha yake! Na kumfukuza hakuthubutu. Alisimama pale kwenye upepo, mkono wa kulia ukiwa na glovu ya ndani tu, ya sufu, nyembamba, yenye tundu. Bundi alikuwa anageuza kichwa polepole, anatazama shamba, anamtazama yeye. Byamungu alisali zaburi zote alizozijua, akazirudia. Vidole vilimuuma mpaka machozi yakamtoka na kuganda kwenye kope. Kisha vikaacha kuuma, naye, maskini, akamshukuru Mungu kwa hilo.

Ilipita kama robo saa. Mwishowe bundi alijinyoosha na kuruka, akashika njia ya mashariki. Mashariki ndiko kulikokuwa na Hopkins.

Alirudi akiendesha kwa mkono wa kushoto, bila kuthubutu kupita mwendo wa punda kwa utelezi. Njia nzima alikuwa anajihukumu. Nimemtazama machoni. Nimemletea mke wangu kifo kwa kutaka picha. Mara tatu aliwaza kuzifuta picha zile, na mara tatu aliogopa hata kuigusa kamera.

Jua lilikuwa limezama alipoingia kwenye maegesho ya nyumba yao. Pale akayaona magari.

Kwao habari ya kifo haisemwi kwa simu. Kaka yake alipofariki Uvira miaka miwili nyuma, hakuna aliyempigia. Alirudi kutoka kazini akakuta magari ya kanisani yamejipanga mlangoni, wazee wameketi sebuleni wakizungumzia theluji. Walimpa maji kwanza. Halafu Mzee Eliezer akasema, "Tusimame tuombe," na hapo ndipo alipoambiwa. Nyuma yao wote alikuja Mama Pascasie na sufuria lake kubwa la msiba, ambalo halitoki kabatini kwa jambo jingine.

Sasa gari la Mzee Eliezer lilikuwa pale, na lile la mchungaji, na mengine sita. Dirisha la ghorofa ya pili lilikuwa linang'aa taa zote. Na alipokuwa bado anayahesabu, mlango wa jengo ukafunguliwa kumpokea mwanamke aliyevaa kitenge juu ya koti zito, amekumbatia sufuria kubwa lililofunikwa kitambaa.

Byamungu alizima taa za gari. Akazima na injini, wasije wakamsikia.

Angeweza kufika mlangoni kwa hatua thelathini. Lakini kule juu kulikuwa na watu waliomngoja wamwambie, na maadamu hawajamwambia, Héritière alikuwa bado anampikia, bado anamletea kofia ya pili. Alitaka akae naye hivyo dakika moja zaidi. Kisha nyingine. Vioo viliganda kwa pumzi yake, magari yakapotea machoni. Aliliita jina la mkewe, akaliita na lile ambalo walimpa binti aliyepotea, na akalia kwa sauti, kwa kuwa hakukuwa na wa kumsikia. Dakika arobaini zilipita hivyo.

Mtu aligonga kioo.

Alikuwa Wambui, jirani yao wa chini, Mkenya, muuguzi, bado amevaa sare ya kazi ndani ya koti. Alikuwa ametoka na simu sikioni. Byamungu alipofungua mlango, Wambui alipiga ukelele akaiangusha simu kwenye theluji.

"Woi! Woi Yesu! Byamungu? Si uko hapa!"

"Niambie tu," Byamungu alisema. Midomo ilikuwa migumu. "Mama Wambui, nani amekufa?"

"Nani amekufa? Wewe!" Wambui alimshika kola akamvuta nje. "Ni wewe umekufa! Nime-call hospitali zote, nime-call polisi, nimetoka shift nikapata watu wanakulilia huko ndani. Na wewe umekaa kwa gari unafanya nini?"

Wambui alimpandisha ngazi akimsukuma kwa nyuma. Mlango ulipofunguliwa wimbo ulikatika. Mama Pascasie alikuwa na mwiko mkononi, akaukumbatia. Mzee Eliezer alisimama, akaketi, akasimama tena. Byamungu hakuwaona. Alikuwa anamtafuta mtu mmoja tu, naye alikuwa pale, ameketi chini kwenye godoro la wafiwa, macho yamevimba, hai.

Héritière hakunyanyuka. Alimtazama kuanzia buti mpaka zile kofia mbili.

"Nilipigia Pacifique wa kazini kwako," alisema. "Ananiambia bureau imefungwa tangu jana. Hakuna bomba. Simu yako haiite. Basi nikapiga magoti hapa, nikamuomba Mungu ukuwe kwa mwanamke. Unasikia? Nilimuomba kabisa. Nilisema, Mungu wangu, akuwe na mwanamke mahali pa moto."

Watu walitazama chini. Mmoja wao alikohoa.

"Ni yule ndege?"

"Ni yeye," Byamungu alisema. "Alitua juu ya gari. Nikaona magari yenu, nikajua ni wewe. Nikajua ni wewe na mtoto."

Akaanguka magotini mbele yake na kuweka kiganja cha mkono wa kulia juu ya tumbo, mahali ambapo kila jioni mtoto humpiga mateke kama anabisha hodi. Alingoja. Hakusikia kitu. Alisogeza mkono, akakandamiza, akangoja tena, na hofu yote ya siku ile ikamrudia kwa pamoja.

"Hachezi," alisema. "Héritière, mtoto hachezi!"

"Anacheza." Sauti yake ilibadilika. "Papa, anakupiga sasa hivi. Palepale penye mkono wako. Husikie?"

Wote wakautazama mkono. Wambui alijipenyeza, akaivuta ile glovu ya sufu taratibu. Vidole vinne vilikuwa vyeupe na vigumu kama mishumaa.

"Usisugue!" alisema. "Mtu asisugue. Nileteeni maji ya vuguvugu, si ya moto. Vimekuwa hivi tangu lini?"

Byamungu alifungua mdomo. Shambani vilikuwa vimeacha kuuma, lakini vilikuwa bado vinakunjika. Injini alikuwa ameizima mwenyewe, joto lile dogo la miguuni alikuwa amelizima mwenyewe, hapo nje, hatua thelathini kutoka kwenye jiko la Mama Pascasie.

"Tangu nifike nyumbani," alisema.

Wambui alianza kuangalia kidole kimoja baada ya kingine, na alipofika kwenye kile cha kubonyezea kamera alikaa nacho muda mrefu. Héritière alikuwa anamsoma Wambui usoni. Kisha akakishika kichwa cha mumewe kwa mikono miwili, akazivua zile kofia, ya kwanza na ya pili, akakilaza shavu juu ya tumbo lake.

Shavu lilikuwa linawaka kwa maumivu ya kuyeyuka. Mtoto alilipiga teke, na Byamungu akalisikia.